Sema Wewe Kwanza

Mimi ni mhadhiri wa hisabati, mzaliwa wa Iramba mkoani Singida. Ushuhuda huu nautoa kwa walimu wenzangu, hasa wanaofundisha madarasa makubwa, kwa sababu namna ninavyofundisha leo niliipata nikiwa nyumbani Kiomboi, mbali na ukumbi wa mihadhara, katika miezi ya korona ya mwaka 2020.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule, na Machi 18 vyuo navyo vikafuata. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wakafunga mabegi, wakapanda mabasi kwenda makwao. Ndiyo kwanza tulikuwa tumeingia kwenye vikomo vya mifuatano, mada inayowakwamisha wengi kuliko zote za mwaka ule. Hakuna ofisi iliyonituma kuendelea kufundisha. Waliuliza wenyewe: "Shikamoo Mwalimu. Sasa sisi tunafanyaje?" Nikafungua kundi la WhatsApp.

Wengi waliojiunga walikuwa watoto wa Singida: Manyoni, Itigi, Ikungi, Mkalama. Mchana walikuwa shambani na wazazi wao, kwa sababu uwele, mtama na alizeti havingoji chuo kifunguliwe. Jioni waliokaa mabondeni walipanda juu ya mawe, yale mawe makubwa ya kwetu, kutafuta mtandao. Somo la video halikufikirika. Bando lingeisha kabla sijamaliza ubao mmoja. Nikawa natuma sauti fupi fupi na picha za karatasi nilizoandika kwa mkono. Nao wakanitumia picha za kazi zao. Wenye simu za kitochi niliwapata kwa ujumbe mfupi.

Picha zile ndizo zilizonibadilisha. Ukumbini nilikuwa na mamia ya wanafunzi mbele yangu, na nilichokiona ni nyuso. Sasa nikawa nasoma mawazo, mstari kwa mstari, na karibu kila karatasi ilikwama mahali pale pale.

Chukua mfuatano wa 1, 1/2, 1/3, 1/4 na kuendelea. Tunasema unaelekea sifuri. Maana yake kamili ni hii: kwa kila epsiloni iliyo kubwa kuliko sifuri, hata ikiwa ndogo namna gani, ipo N ambayo, ukishaipita, namba zote za mfuatano zimo ndani ya umbali wa epsiloni kutoka sifuri. Wanafunzi wangu waliikariri kauli hiyo bila kukosea hata neno. Lakini katika uthibitisho wao N ilitajwa kwanza, kisha epsiloni ikaja nyuma yake. Kwao ilikuwa mamoja. Kihisabati, ukibadilisha mpangilio huo umesema jambo jingine kabisa, tena la uongo: kwamba kuna N moja inayotosha kwa epsiloni zote.

Niliwahi kulieleza hilo ubaoni mara nyingi. Nyumbani ubao sikuwa nao, nilikuwa na simu, na kwenye simu watu wawili huandikiana kwa zamu. Nikawaambia: mmoja atume umbali, mwenzake ajibu mahali pa kuanzia. Anayetuma umbali ndiye anayetangulia. Hilo halihitaji intaneti wala alama ngumu za kuchapa. Ni tarakimu tupu, na kitochi inatosha.

Mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa kijijini Mkalama alicheza nami kwa ujumbe mfupi. Nilimtumia 0.01. Akajibu: "100." Sahihi, kwa sababu kila namba baada ya nafasi ya mia ni ndogo kuliko 0.01. Nikatuma 0.0003. Baada ya muda ikaja 3334. Nikaendelea kupunguza. Mwishowe akachoka kukokotoa, akaandika: "Mwalimu, milioni moja inatosha kwa zote." Nikamtumia 0.0000001. Sasa hata namba ya milioni moja na moja ilikuwa nje ya umbali huo. Alihitaji kuvuka milioni kumi. Kimya kilikuwa kirefu. Usiku ukaingia ujumbe wake: "Kumbe siwezi kujibu mpaka wewe useme kwanza."

Hapo alikuwa ameshika kiini cha mada yote. Wakubwa wa fani hii walikihangaikia kwa miaka mingi: Cauchy alikikaribia katika kitabu alichochapisha Paris mwaka 1821, na ni baadaye, katika mihadhara ya Weierstrass kule Berlin, kauli ikanyooka namna tunavyoifundisha leo. Binti huyu alikifikia kwa kitochi, baada ya kutwa nzima ya kazi ya shamba.

Nikawapanga wote wawili wawili. Wakaendelea na mfuatano wa 1, -1, 1, -1, wakagundua kwamba muulizaji akitaja 0.5 tu, mjibu hana pa kushika, hata adai kikomo ni namba gani. Walianza kutafuta wenyewe mifuatano ya kuwatega wenzao. Walionyamaza ukumbini, hasa wale wa viti vya nyuma, ndio walioandika zaidi. Mbele ya mamia ya watu swali hugharimu ujasiri. Kwa mtu mmoja, kwa maandishi, mtu huuliza alichokwama nacho.

Juni 1 vyuo vilifunguliwa, na mimi nikarudi kwenye ukumbi ule ule wenye mamia ya viti. Sikurudi na ufundishaji ule ule. Leo sifundishi kikomo kabla wanafunzi hawajaandikiana umbali na majibu kwa simu zao, wawili wawili. Kila wiki nachukua fungu la kazi zao, nasoma hatua zote na siyo jibu la mwisho pekee, kisha mhadhara unaofuata naujenga juu ya pale walipokwama. Mada chache zaidi huachwa wajisomee. Nimekubali gharama hiyo kwa moyo mweupe.

Sidai kwamba simu ni bora kuliko darasa. Wapo walioshindwa kujiunga kwa kukosa bando, simu au nafasi ya kupumzika, na kwao miezi ile ilikuwa hasara ambayo tuliporudi tulilazimika kuifidia pamoja. Wala kusoma kwa mbali hakukuanza na korona: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992, kina kituo hapa Singida, na watumishi na wakulima wamesoma kupitia kwake bila kuacha kazi zao. Ninachoshuhudia ni kwamba umbali ulinilazimisha kumsikiliza mwanafunzi kabla ya kumjibu.

Mwalimu mwenzangu, hata kama darasa lako lina watu mia tano na muda haukutoshi, omba karatasi chache wiki hii. Usizisahihishe kwanza. Zisome ujue mwenye karatasi alikuwa anafikiri nini, ndipo uingie darasani. Katika hisabati, kama katika mchezo wetu ule, jibu la maana hutolewa na aliyekwisha kusikia umbali alioulizwa.