Gehlaur, Kijiji Kilichofungwa na Mlima

Katika nchi ya Bara Hindi, pande zote mbili za mto Ganges, limo jimbo la Bihar. Ni jimbo lenye watu wengi mno: katika hesabu ya mwaka 2011 walionekana zaidi ya milioni 104, yaani watu 1,106 kwa kila kilomita moja ya mraba, na hapakuwa na jimbo jingine la nchi ile lililosongamana kama hilo. Wilaya ya Gaya peke yake ilikuwa na watu karibu milioni nne na nusu, na walio wengi hukaa vijijini wakilima mpunga na ngano.

Mji wa Gaya una njia njema. Reli kubwa itokayo Calcutta kwenda Delhi hupita hapo tangu mwaka 1906, na kila mwaka mahujaji wengi hushuka stesheni kuja kuwaombea wazee wao waliokufa. Lakini kukaa karibu na reli si kufikiwa na reli. Kijiji cha Gehlaur kimo katika wilaya hiyo hiyo, na kwa muda mrefu kilikuwa kama kisiwa.

Sababu yake ni mlima wa mawe matupu. Upande wa pili wa mlima ni Wazirganj, penye soko, tabibu na stesheni. Mwenye kutaka kutoka upande wa Atri kwenda Wazirganj kwa kufuata barabara alizunguka kilomita 55, kama maili 34. Asiyeweza mzunguko huo alipanda majabali kwa miguu, na mzigo kichwani. Mwenye kuishi mashambani ajua maana ya safari kama hiyo mgonjwa awapo kitandani.

Wakazi wengi wa hapo ni Musahar, watu wa tabaka la chini kabisa, wasio na ardhi, ambao tangu zamani walikuwa vibarua katika mashamba ya wengine. Katiba ya mwaka 1950 ilikwisha kupiga marufuku desturi ya kuwatenga watu kuwa najisi. Lakini katiba haipasui jabali, na barabara haikuja.

Mmoja wa vibarua hao aliitwa Dashrath Manjhi. Husimuliwa kwamba mkewe, Falguni Devi, aliumia katika njia ya mlimani, na kwa kuwa tabibu alikuwa mbali, hakupona. Alifariki mwaka 1959. Mwaka uliofuata Manjhi aliuza mbuzi wake, akanunua nyundo na tindo, akaanza kuvunja mlima. Watu walimcheka, wakasema ameingiwa na wazimu. Hata hivyo hakuacha vibarua vyake, maana ilimpasa kula. Alichonga kabla na baada ya kazi ya shamba. Baadaye wengine walianza kumletea chakula na kumsaidia kupata vyombo.

Alimaliza mwaka 1982, baada ya miaka 22. Njia yake ina urefu wa futi 360, upana wa futi 30 hivi, na mahali pengine imechimbwa futi 25 kwenda chini. Safari ya kilomita 55 ikawa 15. Kwa baruti na mafundi haingekuwa kazi ya miaka 22, wala haikuwa haki kumwachia maskini mmoja. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Manjhi aliendelea kuomba njia hiyo itiwe lami, na kijiji kipate hospitali. Alifariki Delhi tarehe 17 Agosti 2007, akafanyiwa mazishi ya heshima ya serikali ya jimbo. Mwaka 2016 posta ya Bara Hindi ilitoa stempu yenye picha yake. Njia sasa yaitwa kwa jina lake, na watoto wa Gehlaur huipita wakienda shule.