Siri Niliyokuwa Namnyima Msomaji

Kwa miaka mingi niliandika hadithi nikiamini kwamba taharuki ni kuficha. Nilimnyima msomaji kila kitu, kisha nikamshtua ukurasa wa mwisho. Miswada ikirudishwa, niliwalaumu wahariri.

Aliyenifungua macho ni mhariri mmoja mstaafu, ambaye hakuwa na deni lolote kwangu. Aliusoma mswada wangu wote, kalamu ya risasi mkononi, kisha akaniita barazani kwake. "Mwanangu, mbona unanificha? Nitamhofiaje mtu nisiyejua kama yuko hatarini?" Akanisimulia maelezo ya mwongozaji filamu Alfred Hitchcock alipohojiwa na François Truffaut mwaka 1962. Bomu likilipuka ghafla chini ya meza, watazamaji hushtuka kwa sekunde 15. Wakijua mapema kwamba lipo, huku waliokaa mezani wanapiga soga bila habari, hukaa roho juu dakika 15 nzima.

Nilirudi nyumbani nikalishika tukio moja la mswada huo. Mke ameuza cherehani ya mumewe aliye safarini, ili mtoto alipiwe ada. Awali siri hiyo ilifichuka mume alipofunua kitambaa cha kufunikia cherehani. Sasa nikaitaja kwenye mstari wa kwanza: chini ya kitambaa kuna kreti tupu ya soda. Mume akarudi, akatua kofia yake papo hapo juu. Akanawa, akala. Alipovua shati, akaona kifungo kimekatika.

Kuidumisha taharuki hiyo ndiko kulikonitesa. Mara nilimfanya mume afunue upesi, kwa sababu mimi mwenyewe sikuweza kustahimili. Mara nilirudia hatari ileile mpaka ikapoa. Polepole nilielewa kwamba kila hatua lazima imzibie mke njia moja ya kutokea. Anasema atakishona kifungo kwa mkono, sindano haionekani. Anataka kwenda kuazima kwa jirani. Mtoto anaingia na risiti ya ada, anakimbilia kumwonyesha baba.

Mzee aliposoma tena, aliniuliza jambo moja tu: "Baba mtu akasemaje?" Sikuwahi kuulizwa hivyo na msomaji yeyote.

Ndugu yangu, kama nawe unarudishiwa miswada, usiitupe. Tafuta siri uliyoizika mwishoni, uilete mbele, kisha umwache msomaji aibebe pamoja na wahusika wako. Mimi nilifundishwa bure na mtu ambaye angeweza kunipuuza. Nami nakupa bure.