Daftari lilisema nimonia, kifua kilisema pumu

Mara ya nne mtoto alipobanwa kifua usiku, mama mmoja wa Katoro, mkoani Geita, alikwenda zahanati na madaftari yote ya matibabu, hata lile lililochanika jalada.

Mwanawe ana miaka minne. Nyumba yao haiko mbali na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, na vumbi huingia hadi kwenye vyombo. Ndani ya mwaka mmoja daftari liliandikwa nimonia mara tatu. Kila mara alipewa amoksilini, akapata nafuu, kisha kikohozi kikarudi.

Safari hii tabibu aliyasoma yote.

“Mama, kifua chake huwa kinapiga filimbi?”

“Kinapiga, daktari. Hasa alfajiri.”

“Kwenu kuna mwenye pumu?”

“Baba yake.”

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Mtoto alivutishwa salbutamoli kupitia chupa ya plastiki iliyotobolewa, na baada ya muda pumzi zikatulia.

Kosa hili hutokea kirahisi. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa mwaka 1 hadi 5 mwenye kikohozi, akivuta pumzi 40 au zaidi kwa dakika, huhesabiwa kuwa na nimonia. Lakini pumu nayo hukimbiza pumzi. Ndiyo maana mwongozo huohuo unataka mwenye filimbi kifuani apewe kwanza dawa ya kupanua njia za hewa, kisha pumzi zihesabiwe upya. Foleni ikiwa ndefu au dawa haipo, hatua hiyo hurukwa.

Kinachoandikwa huingia pia kwenye rejista ya MTUHA. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10, pumu ni J45. Nimonia isiyojulikana kijidudu chake ni J18. Takwimu za Geita au Shinyanga huhesabu kilichoandikwa, si kilichomo kifuani mwa mtoto.

Mzazi, usikatae dawa ya nimonia, kwani nimonia huua. Mtoto akishindwa kunywa au mbavu zikibonyea anapopumua, mkimbize hospitali. Lakini tatizo likijirudia, uliza: “Daktari, umeandika ugonjwa gani? Inaweza kuwa pumu?” Na usitupe daftari la zamani.

Mama wa Katoro ameyashona yake yote pamoja kwa uzi.