Nani Atajua Kama Hukusali Leo?

Programu za ibada tunazopakua huku Marekani zina tabia moja inayoudhi: zinahesabu siku. Soma Neno wiki sita mfululizo, skrini inakupongeza. Pitiwa na usingizi jioni moja baada ya zamu ya usiku, hesabu inarudi sifuri, na kesho yake arifa ya upole inakukumbusha kwamba Mungu anakungoja. Si kwamba simu haina faida. YouVersion, iliyotolewa na kanisa la Life.Church la Oklahoma mwaka 2008, ni ya bure na ina Biblia ya Kiswahili. Ninachogombana nacho ni dhana nzima ya huku, kwamba kutembea na Mungu kila siku ni shughuli ya mtu mmoja na kiti chake cha dirishani, kahawa, daftari la jalada la ngozi na kalamu za rangi nne za kupigia mistari. Maduka yanauza vifaa hivyo rafu kwa rafu. Ukilegea, unalegea peke yako, na hakuna binadamu atakayejua.

Jaribu kulegea hivyo nyumbani Yamumbi, Eldoret. Wakatoliki mnajua Oktoba ilivyo: rozari kila jioni, leo kwa huyu kesho kwa yule, viti vya plastiki vya kuazima, watoto wanasinzia kufika fumbo la tatu, na maombi ya mwisho yanagusa karo, mahindi yanayongoja kuvunwa na mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Moi Referral. Ukikosekana jioni mbili, ya tatu mtu anapiga hodi kuuliza kama ni homa. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, AMECEA, walipozifanya jumuiya ndogo ndogo kama hizi kuwa nguzo ya kazi yao miaka ya 1970, walijua wanachofanya. Bidii ya mtu huisha, tena upesi. Kinachomrudisha kwenye sala ni wenzake walioona nafasi yake iko wazi.

Msiniambie hapo ni Uafrika ukipambana na Uzungu. Waingereza wenyewe walikuwa hivyo. Askofu Mkuu Cranmer, katika Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha 1549, alizibana saa nyingi za sala za watawa zikawa mbili, asubuhi na jioni, na toleo la 1552 likamwagiza mchungaji apige kengele ili watu waje wasali naye. Ibada ya faragha ya alfajiri ilishika baadaye sana, miongoni mwa wanafunzi wa Cambridge mwishoni mwa karne ya 19. Na ilipotufikia tuliigeuza. Daktari Joe Church, mmisionari na mtu wa Cambridge, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi kule Namirembe, Kampala, mwaka 1929 wakasoma Biblia pamoja. Uamsho wa Afrika Mashariki uliofuata ulimtoa mtu chumbani ukamweka katikati ya ndugu, atubu waziwazi na ashuhudie.

Kwamba Yesu alisema tufunge mlango tukisali, ni kweli. Lakini alikuwa akikemea maonyesho, na yeye mwenyewe, aliyetoka alfajiri akasali mahali pasipo watu, ndiye Luka anayesema alizoea kuingia sinagogi siku ya Sabato. Na wanaosema jumuiya ina umbea hawakosei. Ile “tumwombee dada yetu fulani” imebeba habari nyingi kuliko redio.

Pingamizi linaloniumiza ni jingine. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kenya Assemblies of God pale Kiambaa, viungani mwa Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Watu wa Yamumbi nao walihama makwao. Kama sala za pamoja zina nguvu ninayozisifia, zilikuwa wapi wiki ile? Jibu ninaloliweza ni kwamba jumuiya hufuata nyumba, na nyumba zetu zilikuwa zimejipanga kikabila. Tulisali na wetu. Askofu Cornelius Korir, Mkatoliki wa Eldoret, hakuwatuma watu wakatafute amani kila mtu na moyo wake. Alifungua uwanja wa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu wakalala maelfu, kisha akaanza vikao vidogo, kila upande kivyake kwanza, halafu pamoja, kazi aliyoieleza katika kitabu chake Amani Mashinani cha 2009. Kosa lilikuwa mpaka wa jumuiya. Jibu hilo halinitoshi lote, na sidhani linawatosha waliozika watu.

Inabaki hoja ya zamu: huku hakuna jirani, na saa za kazi hazina huruma. Sawa, lakini saa kumi na moja alfajiri ya Eldoret ni saa mbili usiku Minnesota wakati wa baridi, na simu ile ile inayotuhesabia siku inaweza kutuunganisha na maombi ya nyumbani. Wapo wanaofanya hivyo. Wengine huzima sauti yao wakaosha vyombo huku wakisikiliza, na akina mama wa upande ule, wasioona picha ya mtu, humwita kwa jina aombe.