Akiba Inayooza

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Naienzi methali hii, ila mjomba wangu, rubani wa ndege ndogo katika Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, ana akiba moja anayoitilia shaka kila siku: betri.

Ndege aina ya Cessna 172 hutegemea alteneta moja inayozungushwa na injini. Mkanda wa alteneta ukikatika angani, injini haizimiki, kwa kuwa plagi zake huwashwa na magneto mbili zisizohitaji betri wala alteneta. Hapo ndipo penye hadaa. Injini hunguruma kama kawaida, ilhali redio, taa na vipimo vya umeme vinainyonya betri kimyakimya. Betri nzima, matumizi yakipunguzwa, hutarajiwa kuhimili kwa takriban nusu saa. Safari ya kutoka Wilson hadi Marsabit kwa ndege kama hiyo hukaribia saa mbili.

Mjomba alikuwa njiani kuelekea huko taa ya tahadhari ya volti ilipowaka. Aliwaarifu waongozaji wa ndege upesi, kisha akazima kifaa kimoja baada ya kingine. Hata hivyo, betri ilikata roho baada ya dakika chache tu. Aliongozwa na dira ya sumaku, isiyohitaji umeme, akatua kungali mchana, bila redio.

Ajabu ni kwamba asubuhi hiyo betri iyo hiyo ilikuwa imewasha injini bila taabu. "Mwanangu," aliniambia, "kuwasha injini huhitaji nguvu nyingi kwa sekunde chache. Kuhimili nusu saa ni jambo jingine kabisa." Kadiri betri inavyozeeka, ndivyo uwezo wake wa kuhimili unavyopungua, na uwezo huo haujulikani ila kwa kupimwa na fundi.

Siku hizi zipo Cessna 172 zenye skrini badala ya vipimo vya mishale, nazo huongezewa betri ya dharura, ambayo rubani huijaribu kwa sekunde 10 kabla ya kuwasha injini. Sekunde hizo 10 zinanifunza maana ya akiba. Hata nafaka ya ghalani, asiyeikagua huipata imekwisha kuliwa na fukusi siku ya njaa.