Abdus Salam na Upweke wa Mwanachuoni

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Maisha ya Abdus Salam ni ushahidi kuwa neno hilo latawala hata katika elimu ya juu kabisa.

Mtu huyu alizaliwa Punjab mwaka 1926, akakulia Jhang, mji ambao leo umo katika Pakistan. Alikuwa na umri wa miaka 14 alipowashinda watahiniwa wote wa Punjab. Mwaka 1946 alikwenda Cambridge, akapata sifa kubwa katika fizikia ya nadharia, elimu isiyodai mitambo wala maabara, ila akili, kalamu na wenzi wa kujadiliana.

Mwaka 1951 alirejea nyumbani kufundisha Lahore. Akili na kalamu alirudi navyo, wenzi hakuwakuta. Utafiti haukuhesabiwa kuwa kazi, naye akakabidhiwa timu ya mpira wa miguu ya chuo aisimamie. Mwaka 1953 zikazuka ghasia mjini humo dhidi ya Waahmadiyya, watu wa madhehebu yake. Mwaka uliofuata, kwa majonzi, aliihama nchi yake ili asiihame elimu yake.

Jeraha hilo hakulisahau. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia katika Trieste, Italia, ili mtaalamu wa nchi maskini aweze kukaa huko kwa muda, akainoa akili yake kati ya wenzi, kisha akarudi kuwafundisha watu wake. Alichokosa yeye aliwapa wengine.

Katika miaka hiyo hiyo Salam, na Steven Weinberg kwa njia yake mwenyewe, walionyesha kwamba nguvu ya umeme na sumaku, na nguvu dhaifu iliyomo katika kiini cha atomu, ni matawi mawili ya shina moja. Mwaka 1979 wao na Sheldon Glashow walipewa Tuzo ya Nobel. Salam aliipokea amevaa kilemba cha kwao.

Lakini tangu mwaka 1974 bunge la nchi yake lilikuwa limekwisha kutangaza kwamba Waahmadiyya si Waislamu. Alifariki Oxford mwaka 1996, akazikwa Rabwah, Pakistan, na neno «Mwislamu» likafutwa katika jiwe la kaburi lake. Kituo cha Trieste kilipewa jina lake mwaka 1997, na wageni wake wangali wakija, wakijadiliana, na kurudi makwao.