Nilinyamaza Waliposema Hana Ukoo

Leo nawaandikia jambo ambalo nililionea aibu kwa muda mrefu.

Mwaka jana kijana wetu wa kwanza alituambia amepata mchumba, binti wa Tabora mjini, mwalimu na mwimbaji wa kwaya. Nilifurahi sana. Lakini ukoo ulipokutana, baba mdogo wa mume wangu aliuliza, "Hao ni watu wa wapi?" Mmoja akajibu kwa sauti ya chini kwamba bibi zao waliletwa kutoka Kongo wakati wa misafara ya Waarabu. "Hawana ukoo," akasema. Watu wakanyamaza. Nami, mama wa kijana, muuguzi na mwalimu wa shule ya Jumapili, nikanyamaza pamoja nao.

Miezi miwili baadaye sisi wanawake wa usharika tulikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuona tembe alilokaa Dokta Livingstone mwaka 1872. Wengi tunajua kwamba alipofariki mwaka 1873, Susi na Chuma waliongoza kazi ya kuubeba mwili wake hadi pwani. Mimi sikujua kwamba katika watu wake walikuwamo pia wanawake, akina Halima, mpishi wake, na Ntaoeka.

Pale nikawawaza wanawake wengine waliopita njia ile ya kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, wasioandikwa na mtu. Wako wake wa wapagazi wetu wa Kinyamwezi, waliotembea na vyungu kichwani na watoto mgongoni. Wako na wale waliotoka Manyema wakiwa wamefungwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini huku kwetu bara utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922. Si zamani sana. Tena hawakuwa Waarabu peke yao. Hata babu zetu waliotajirika kwa pembe za ndovu walinunua watu, hasa wanawake, wakawalimia mashamba na kuwazalia watoto.

Niliporudi nilimsimulia mama mkwe, ambaye umri wake umepita miaka themanini. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, mama aliyemzaa baba mkwe wangu, umewahi kusikia ng'ombe wake wa mahari walipokewa na nani?"

Sikuwahi kusikia. "Hakuna aliyewapokea," akasema. "Alinunuliwa akiwa mtoto."

Huyo ndiye bibi yake baba mdogo aliyeuliza swali lile! Damu yake imo katika mume wangu na watoto wangu wote.

Nilimwomba mama aseme maneno hayo mbele ya ukoo, naye akasema. Wengine walilia. Baba mdogo alichukua fimbo yake akatoka, na hata siku ya harusi hakuja. Bado tunamwombea.

Baada ya harusi nilimwita mkwe wangu jikoni, nikamweleza yote na kumwomba radhi. Alinijibu kwa upole, "Mama, maneno hayo nimeyazoea tangu shule ya msingi." Jibu hilo liliniumiza kuliko kama angenikasirikia.

Wenzangu, wodini nimewatundikia wagonjwa damu mara nyingi, na sijaona ndugu wa mgonjwa akiuliza ukoo wa aliyeitoa. Kwa nini tuulize siku ya posa? Ruthu alikuwa mgeni kutoka Moabu, na Mfalme Daudi ni kitukuu chake.

Keti na wazee wako wangali hai, uwaulize habari za bibi zao, kisha uwasimulie watoto bila kuficha. Na siku mtu atakapodharauliwa mbele yako, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.